Anayebaki Ndiye Anayetiiwa

Mfanyabiashara anayeingiza shehena kupitia bandari ya Mogadishu hulipa ushuru wa serikali, hupewa stakabadhi, kisha husubiri simu ya pili. Anayepiga anajua kontena lina nini na lina thamani gani, kwa sababu nakala ya orodha ya shehena imekwisha kumfikia. Anataja kiasi, na kiasi hicho hulipwa. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya Hiraal, iliyoko mjini humo, ilikadiria kwamba Al-Shabaab walikuwa wakikusanya dola za Marekani zisizopungua milioni 15 kila mwezi, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilitoka Mogadishu kwenyewe. Huo ni mji ambao wapiganaji wa kundi hilo waliuhama Agosti 2011. Hawana kambi humo wala hawapandishi bendera. Bunge linakaa humo, mabalozi wanaishi humo, na uwanja wa ndege unalindwa na majeshi ya Umoja wa Afrika. Hata hivyo kodi inalipwa kwa wakati. Yeyote anayetaka kuelewa jinsi waasi wanavyowatawala raia aanzie hapo, mahali ambapo waasi hawaonekani.

Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza ni kwamba raia wanatii kwa woga. La pili ni kwamba wameshawishika, kwa dini, kwa ukabila au kwa hasira dhidi ya serikali. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi kwa nini mtu yule yule, katika kijiji kile kile, huwatii waasi mwaka huu, huitii serikali mwaka ujao, kisha huwarudia waasi, ilhali imani yake haijabadilika na woga wake uko pale pale. Mwanazuoni Stathis Kalyvas, aliyechunguza kwa kina vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki vya miaka ya 1940 na kuvilinganisha na vingine, alionyesha kwamba mara nyingi ushirikiano wa raia hufuata udhibiti wa eneo. Anayeshika eneo ndiye anayepata ushirikiano, na huupata hata kwa watu ambao mioyo yao iko upande mwingine. Nauchukua ugunduzi huo na kuusogeza hatua moja. Katika vita vya ukanda wetu, kuanzia Somalia hadi Kivu ya Kongo na Cabo Delgado ya Msumbiji, muasi huwashika raia kwa kuwapa uhakika: anajulikana atakuwepo, anajulikana atadai nini, na anajulikana atamfanya nini anayekataa. Serikali nyingi zinashindwa kwa sababu uwepo wao haujulikani utakwisha lini. Raia huyapima mambo hayo mawili kila siku, na hupima vizuri kuliko majenerali wengi.

Chombo cha kwanza cha uhakika huo ni mahakama. Al-Shabaab walizaliwa ndani ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, ulioiteka Mogadishu Juni 2006, na mahakama zenyewe zilikuwa zimeanza miaka ya 1990, pale wafanyabiashara na wazee wa koo walipotafuta namna ya kuwadhibiti wezi na wababe wa vita baada ya dola kusambaratika. Kwa hiyo kundi hili lilirithi sifa ambayo halikuijenga lenyewe. Leo mahakama zake husikiliza kesi za ardhi, mirathi, madeni na damu, na kwa miaka mingi imeripotiwa kwamba wakazi wa Mogadishu, wakiwemo wanaolichukia kundi lenyewe, husafiri nje ya mji kupeleka kesi zao huko. Wanaijua sheria ya huko ilivyo kali. Wanajua kwamba mkono hukatwa na kwamba anayeshtakiwa kwa ujasusi hupigwa risasi hadharani. Wanakwenda kwa sababu hukumu ikitolewa inatekelezwa. Mtu wa ukoo mdogo aliyeporwa kiwanja na mtu wa ukoo wenye bunduki anaweza kushinda katika mahakama ya serikali na bado asikipate, maana polisi hawatathubutu kumtoa aliyekikalia. Hakimu wa Al-Shabaab akitamka, kiwanja kinaachwa. Taliban walijijenga upya vijijini Afghanistan kwa njia hiyo hiyo, kwa mahakimu waliozunguka kutoka kijiji hadi kijiji wakati mahakama za Kabul zikinuka rushwa.

Ifahamike vizuri kwamba kusema hivi si kuisifu haki ya waasi. Haki hiyo haina rufaa ya maana, haimsikilizi mwanamke inavyostahili, na haimgusi kamanda wa kundi lenyewe. Lakini raia hailinganishi na haki iliyoandikwa katika katiba ya nchi yake. Anailinganisha na kituo cha polisi anachokijua. Serikali inayopuuza ulinganisho huo itaendelea kushangaa kwa nini watu iliowakomboa hawaishangilii.

Chombo cha pili ni kodi, na hapa Kongo ya mashariki ina mengi ya kufundisha. Mchumi Raúl Sánchez de la Sierra alifuatilia makundi yenye silaha katika Kivu ya Kusini na kuona jambo la ajabu. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, makundi hayo yaliacha kupora na kukimbia, yakatua kwenye migodi, yakapanga viwango vya kodi na kuanza kutoa ulinzi. Koltani ni nzito na haifichiki. Anayeidhibiti njia yake anaweza kuitoza kila siku. Dhahabu ilipopanda bei baadaye, mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu chembe za dhahabu huingia mfukoni. Wapiganaji wakahamia vijijini, wakawatoza watu pale fedha ya dhahabu inapotumika, na huko wakajiingiza katika utawala na kuamua mashauri. Kwa hiyo utawala wa waasi huchipuka pale palipo na kitu cha kutoza, na hujipa sura kulingana na kitu hicho. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba waasi wa M23, baada ya kuushika mji wa Rubaya, walikuwa wakivuna karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani peke yake. Juu ya hapo kuna kazi ya lazima ya kila wiki, salongo, ambayo asiyehudhuria hutozwa faini.

Kodi hiyo inafanya zaidi ya kujaza hazina. Kwanza, ni sensa. Anayetoza lazima ajue kila nyumba ina watu wangapi, nani ana duka, nani amehama, na kijana gani hayupo. Mkulima wa Masisi anayepewa jetoni ya kuthibitisha kwamba amelipa mchango wa “lala salama” amekwisha kuandikwa mahali. Pili, kodi ni ahadi. Dereva wa lori nchini Somalia akilipa kizuizi kimoja cha Al-Shabaab hupewa risiti, na risiti hiyo huheshimiwa kwenye kizuizi kinachofuata. Upande wa serikali, dereva huyo huyo hulipa askari wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na hakuna anayeitambua stakabadhi ya mwenzake. Kongo hali ni hiyo hiyo: shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilipochora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili mwaka 2017, lilihesabu karibu 800, na vingi vilisimamiwa na askari au maofisa wa serikali yenyewe. Muuza maharage anayetembea katika njia hiyo ameshafundishwa nani ana utaratibu na nani hana.

Chombo cha tatu ni adhabu. Idara ya ujasusi ya Al-Shabaab, Amniyat, inaogopwa kwa sababu huchagua. Haihitaji kuua wengi. Inahitaji kumuua yule aliyepiga simu kwa jeshi jana, na kila mtu ajue kwa nini ameuawa. Ukatili wa aina hii hujenga utii. Ukatili wa holela huuvunja, kwa sababu raia akiona kwamba kutii na kutotii humfikisha kaburi moja, hana tena sababu ya kutii. Cabo Delgado ilionyesha hivyo. Tangu shambulio la kwanza mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji ambao wenyeji wanawaita mashababi walichoma vijiji, walikata watu vichwa, waliteka wanawake na wasichana. Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi wilayani Muidumbe, vijana zaidi ya 50 waliuawa kwa kukataa kuandikishwa. Matokeo yake watu walikimbia. Vita vilipokuwa katika kilele, karibu watu milioni 1 walikuwa wamehama makwao. Waasi walibaki na mashamba matupu na nyumba zisizo na wa kutozwa. Inaelekea walijifunza, maana kuanzia mwaka 2022 zilianza kupatikana habari nyingine kutoka pwani ya Macomia: wapiganaji wananunua vyakula kwa fedha taslimu, wanawaruhusu wavuvi kwenda baharini, wanaingia msikitini kuwahakikishia watu kwamba hawatadhuriwa. Januari 2024 waliikalia Mucojo na kuanza kuwapangia wakazi namna ya kuishi. Mtu anayewaona ni wazimu wenye mapanga hawezi kueleza mabadiliko hayo. Walikuwa wametambua kwamba hakuna utawala pasipo na watu wanaobaki.

Serikali nazo zinafanya nini? Mfano ulio wazi zaidi ni wa Somalia baada ya Rais Hassan Sheikh Mohamud kurudi madarakani Mei 2022. Katika mkoa wa Hiiraan wakulima na wafugaji, hasa wa ukoo wa Hawadle, walikuwa wamechoka. Kodi zilikuwa zimepanda katikati ya ukame, waasi walikuwa wakidai watoto wa kuandikishwa, na Septemba mwaka huo wakachoma malori ya chakula karibu na Mahas na kuua raia wasiopungua 19. Vijana waliojifunga vitambaa vya kikoi na kuitwa macawisley wakachukua bunduki. Jeshi la taifa likawaunga mkono, Marekani na Uturuki zikasaidia kutoka angani, na kwa miezi michache maeneo makubwa ya majimbo ya Hirshabelle na Galmudug yalikombolewa. Desemba 2022 jeshi likaingia Adan Yabaal, mji uliokuwa ngome ya waasi kwa miaka. Hapakuwa na ushindi mkubwa kama huo kwa muongo mzima, na uliwezekana kwa sababu waasi wenyewe walivuka mpaka wa kile ambacho raia walikuwa tayari kuvumilia.

Kisha watu wa kubaki hawakupatikana. Kila mji uliokombolewa ulihitaji askari wa kuulinda usiku, polisi, hakimu, mkuu wa wilaya, na maji. Askari waliosonga mbele ndio hao hao waliotakiwa kulinda nyuma. Agosti 2023 waasi walivamia kambi ya jeshi huko Osweyne na kuua wengi, na ndani ya siku chache majeshi yakaondoka katika miji kadhaa yaliyokuwa yameiteka. Aprili 2025 Adan Yabaal nayo ikarudi mikononi mwa Al-Shabaab. Ramani za kijeshi huonyesha tukio kama hilo kwa kubadilisha rangi. Kwa aliyewaonyesha askari nyumba ya mtoza kodi, au mzee aliyekaa kwenye kamati ya wilaya, au mama aliyewapikia wanajeshi chai, maana yake ni kifo au kuhama. Na halikuwa tukio la kwanza. Machi 2013 majeshi ya Ethiopia yaliondoka Hudur, na waasi wakaingia muda mfupi baadaye na kuwasaka walioshirikiana na serikali. Oktoba 2016 Ethiopia iliondoka tena katika vituo kadhaa vya Hiiraan na Bakool, na vikachukuliwa upya kimoja baada ya kingine. Kila mzunguko wa namna hii huwaua wale hasa ambao serikali inawahitaji, na huwafundisha waliobaki kwamba busara ni kukaa kimya. Kwa hoja hiyo nasema jambo litakalowaudhi wanajeshi: kuikomboa sehemu usiyoweza kuishika ni kuwadhuru watu wake kuliko kutoikomboa kabisa.

Atasema mtu kwamba nguvu inafaa, na atataja Rwanda. Kweli, Julai 2021 Rwanda ilipeleka Cabo Delgado askari na polisi wapatao 1,000, na tarehe 8 Agosti Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ikarudi. Jeshi la Msumbiji na mamluki waliokodishwa walikuwa wameshindwa kazi hiyo. Hoja hii ni nzito na inastahili jibu kamili. Wanyarwanda hawakushinda kwa risasi tu. Walikaa. Walitembea kwa miguu vijijini, wakawasemesha wakazi kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wengi wa pwani ile wanaielewa kuliko Kireno cha ofisini, na hawakupora kuku wala simu. Watu wakarudi Palma na Mocímboa kwa sababu waliamini askari hao watakuwepo kesho. Mafanikio yao yanathibitisha hoja yangu badala ya kuipinga. Yanaonyesha pia mwisho wake: jeshi la kigeni haliamui kesi ya shamba, haliajiri mwalimu, halimjibu kijana aliyefukuzwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez. Vita vilihamia wilaya ambazo Wanyarwanda hawakuwepo. Mwezi Mei 2024, wakati kikosi cha nchi za SADC kikifunga virago, waasi waliingia mji wa Macomia wenyewe. Pia wako wanaotegemea kuua viongozi. Ahmed Abdi Godane wa Al-Shabaab aliuawa kwa shambulio la anga la Marekani Septemba 2014. Bonomade Machude Omar, kamanda mkuu wa mashababi, aliuawa Agosti 2023. Kodi iliendelea kukusanywa katika nchi zote mbili.

Wengine hushauri kuwatenga raia na waasi kwa kuwakusanya mahali pamoja. Ushauri huu una historia ndefu katika ardhi yetu. Waingereza waliwasukuma Wakikuyu zaidi ya milioni 1 katika vijiji vya lazima kuanzia mwaka 1954, na walipoondoka Kenya haikubaki na amani ya ardhi mpaka leo. Kaskazini mwa Uganda serikali ilianza kuwaamuru Waacholi waingie kambini mwaka 1996 ili jeshi la LRA la Joseph Kony likose chakula na wa kumpasha habari. Kambi hizo, pamoja na za wilaya jirani, zilifikia kuwa na watu wapatao milioni 1.8. Uchunguzi wa wizara ya afya na Shirika la Afya Duniani ulipofanywa mwaka 2005, ilikadiriwa kwamba katika Uacholi watu karibu 1,000 walikuwa wakifa kila wiki zaidi ya kiwango cha kawaida, kwa malaria, UKIMWI, kuhara na mapigano. Kony alikuwa katili asiye na mfano, aliyeteka watoto wa watu hao hao. Bado serikali iliyodai kuwakinga ikawaweka mahali palipowaua kwa idadi ambayo LRA peke yao hawakuifikia. Sijui namna ya kulitetea hilo, na sidhani kwamba yupo anayeweza.

Adhabu ya jumla ni ndugu wa kambi. Aprili 2014, baada ya milipuko mjini Nairobi, serikali ya Kenya iliendesha msako wa Usalama Watch mtaani Eastleigh, ikakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwazuilia katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye wanafunzi na wengine, jumla 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sidai kwamba la kwanza lilisababisha la pili. Al-Shabaab walikuwa na sababu zao na wapangaji wao. Ninachosema ni kwamba msako ule haukulizuia, na uliwafanya watu wenye habari wasite kuzitoa. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha matokeo ya mahojiano na mamia ya vijana waliojiunga kwa hiari na makundi yenye itikadi kali barani Afrika. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho.

Basi serikali ifanye nini? Ipunguze kwanza ukubwa wa inachokitaka. Wilaya tatu zinazoshikwa usiku na mchana kwa miaka mitano zina thamani kuliko wilaya thelathini zinazopitiwa kwa magari ya deraya. Katika hizo tatu, hakimu afike pamoja na askari, na afike na uwezo wa kutekeleza hukumu, hata kama ni kesi kumi tu za ardhi kwa mwezi. Atumie wazee na masheikh wanaoheshimiwa, kwa sababu huko ndiko watu walikozoea kupeleka mashauri kabla ya vita, lakini hukumu ya mwisho iwe na mkono wa dola nyuma yake. Vizuizi vya barabarani vipunguzwe viwe vichache, kila kimoja na risiti inayotambuliwa na vingine. Haya ni mambo madogo yasiyopigwa picha wala kuhutubiwa, na nadhani ndiyo maana hayafanywi.

Pili, serikali isimwadhibu raia kwa kulipa asichoweza kukataa. Oktoba 2022 serikali ya Somalia iliwatangazia wafanyabiashara kwamba atakayewalipa Al-Shabaab atanyang’anywa leseni. Nia ilikuwa njema, kwani bila fedha hizo kundi lisingeweza kuishi. Baadaye maduka ya Mogadishu yakaamriwa kufunga kamera za usalama, waasi wakatishia kila atakayezifunga, na wapo wenye maduka waliouawa. Mwenye duka aliwekwa kati ya serikali iliyomtaka awe jasiri na waasi waliojua nyumbani kwake. Utaratibu sahihi ni kinyume chake: linda kwanza mtaa mmoja, soko moja, bandari yenyewe na makarani wanaovujisha orodha za shehena, ndipo udai kwamba wa mtaa huo asilipe. Ujasiri hauwezi kuwa sharti la leseni ya biashara.

Suala la wanamgambo wa wenyeji ni gumu zaidi, na sina jibu jepesi. Macawisley walijua kila kichaka cha Hiiraan, jambo ambalo hakuna jeshi la kigeni lingejifunza. Lakini mtu anayepewa bunduki kwa jina la ukoo wake huirudia pia migogoro ya ukoo wake. Wazalendo wa Kivu, waliopewa heshima na serikali ya Kinshasa kwa kupigana na M23, wameripotiwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakiweka vizuizi vyao na kutoza wakulima wale wale waliodai kuwalinda. Kama wanamgambo hawana budi kuwepo, waandikishwe kwa majina, walipwe mshahara unaofika, wawe chini ya kamanda anayeshtakiwa wakikosea, na wawe na tarehe ya kuingizwa polisi au kurudi nyumbani.

Njia ya kutoka nayo ifunguliwe. Sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 ilipokewa kwa hasira na wengi, wakisema kwamba waliokatwa midomo hawakuulizwa. Lakini zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali waliipokea, na matangazo ya redio Mega FM ya Gulu, ambamo waliorudi waliwaambia waliobaki porini kwamba hawakuuawa, yaliwatoa wapiganaji ambao helikopta hazikuwapata. Wengi wao walikuwa watoto waliotekwa. Msamaha haufuti haki ya aliyeumizwa, na Uganda ilikosea kwa kutomfidia. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto na baadaye kuwa kamanda, alihukumiwa mjini The Hague mwaka 2021 kifungo cha miaka 25. Mlango wa msamaha na mlango wa mahakama inaweza kuwa wazi kwa pamoja.

Mpinzani wa mwisho ni mwenye hesabu. Atasema nchi maskini haina fedha ya kukaa. Naelewa, ila naona fedha zinatumika. Majeshi ya Umoja wa Afrika yalikaa Somalia kuanzia mwaka 2007, yakibadilishwa jina kutoka AMISOM hadi ATMIS na sasa AUSSOM, kwa gharama ya mabilioni ya dola na maisha ya askari wengi wa Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ilikwenda kwa hakimu wa wilaya. Kukaa ni ghali, lakini kurudi mara ya tatu katika mji ule ule ni ghali zaidi, na bei yake hulipwa na watu ambao hawamo katika bajeti.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Askari wa Tanzania walikufa Semuliki Desemba 2017 wakiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa Oktoba 2020 kutoka ng’ambo ya Ruvuma. Wakenya wameuawa katika mashambulio ya Mpeketoni na Garissa. Wabunge wa Nairobi, Kampala, Bujumbura na Dodoma huletewa maombi ya fedha na askari kwa operesheni kama hizi, nao huuliza askari wangapi na kwa gharama gani. Waulize pia, kabla ya kupiga kura, ni mji gani hasa, nani atalala humo mwaka wa pili, hakimu wake ni nani, na mshahara wake utatoka wapi. Kama waziri hana jibu, wasiidhinishe.